Ramani inasema Gahanga imefikiwa, bondeni simu haishiki

UKITOKA Kicukiro kwenda Nyamata kwa basi, simu inashika mtandao njia nzima. Unapita uwanja wa kriketi uliofunguliwa mwaka 2017, unafika soko la Gahanga, alama zote za mtandao zimesimama. Sasa acha lami, shuka kwa miguu kuelekea mto Nyabarongo. Huko chini, nyuma ya mgongo wa kilima, alama hupungua moja moja, na ujumbe wa hela uliyotumiwa unaweza kukaa hewani mpaka upande tena juu kuufuata.

Nimelisema jambo hili kwa majirani tangu nilipohamia hapa baada ya kurejea kutoka Karagwe, Tanzania. Jibu ni lile lile: mtandao ni mambo ya makampuni, wewe nunua vocha ukae kimya. Sikubaliani nao. Fedha za kujenga mitambo hufuata ramani. Mahali palipoandikwa kuwa pana huduma hapaletewi mnara wa ruzuku, hata wenyeji wakipiga simu wakiwa juu ya mti.

Serikali haikulala, tuseme kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 mkonga wa taifa wa zaidi ya kilometa 2,300 ulikuwa umetandazwa kwenye wilaya zote 30 hadi vituo vya mpakani. Novemba 2014 KT Rwanda Networks, ubia wa serikali na kampuni ya KT ya Korea Kusini, ulizindua 4G, na baadaye ikatangazwa kwamba imewafikia zaidi ya asilimia 95 ya wananchi. Mwaka 2023 makampuni ya simu nayo yakaanza kujenga 4G yao wenyewe. Upo pia mfuko wa mawasiliano kwa wote chini ya RURA, ambao makampuni huuchangia ili wafikiwe wale ambao hawaleti faida.

Lakini hiyo asilimia hupatikanaje? Mtaalamu huchukua mahali mnara ulipo, urefu na nguvu yake, kisha kompyuta inakisia mawimbi yatafika wapi. Kwenye nchi tambarare makisio hayo hukaribia ukweli. Kwenye nchi ya vilima elfu, mawimbi hayazunguki kilima kama mbuzi. RURA hupima pia kwa magari yenye vifaa, jambo jema, ila gari hupita barabarani. Kule Nunga au Rwabutenge mtu anaishi mwisho wa njia ya miguu. Tena kupata mtandao uani si sawa na kuupata ndani, chini ya mabati.

Mimi mwenyewe nililalamika kwa kampuni yangu ya simu. Kijana wa huduma akatazama kompyuta yake, akaniambia kwa upole: mzee, kwenu mtandao upo, badilisha simu. Nikabadilisha. Hali ikawa ile ile.

Wamarekani nao waliumwa na ugonjwa huu. Kwa miaka mingi, eneo dogo la sensa likiwa na nyumba moja tu inayoweza kupata huduma, eneo zima lilihesabiwa kuwa limefikiwa. Novemba 2022 mamlaka yao ya mawasiliano, FCC, ikatoa ramani mpya inayoonyesha jengo moja moja, na mwananchi akaruhusiwa kupinga: kampuni inasema inanihudumia, mimi nasema hapana. Ubishi huo ulikuwa na mali nyuma yake. Juni 2023 mgawo wa dola bilioni 42.45 kwa majimbo ulitangazwa kwa kufuata ramani hiyo.

Kwa majirani zetu Tanzania, Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote hupeleka minara kwa kuhesabu kata. Mei 2023 ilitiwa saini mikataba ya minara 758 katika kata 713. Ninyi mnaopita Rusumo mmeziona kata za kule: ni pana kuliko mnara mmoja.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hili si suala la starehe. Tangu mwaka 2014 Rwanda, Kenya na Uganda zilipopunguza gharama za kupigiana simu, bei ya maharage huulizwa kabla gari halijapakiwa. Asiyeshika mtandao huuza kwa bei ya jana. Naye aliyerudi nchini na bado anafuatilia vyeti vyake ataelekezwa Irembo, huduma za serikali kwa intaneti zilizoanza mwaka 2015. Bila mtandao nyumbani atalipa pikipiki hadi senta, amlipe na wakala.

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, baada ya umuganda, tunakaa kikao. Tunazungumzia maji, barabara, usalama. Mtandao hauguswi. Napendekeza kila umudugudu uwe na daftari: nyumba ipi, kampuni ipi, ndani au nje, saa ngapi. Malalamiko ya mtu mmoja huambiwa abadilishe simu; ukurasa mzima wa nyumba za mteremko mmoja ni vigumu kuujibu hivyo. Daftari lipande akagari, umurenge, wilaya, hadi RURA. Nayo RURA ingefanya vyema kufungua dirisha la kupinga ramani kabla fedha hazijagawiwa, badala ya kungoja lawama baadaye.

Sisi wa mteremko wetu tumeanza. Mzee mmoja aliuliza kama aandikwe naye, maana simu yake aliiuza; haikuwa ikishika, akaona heri anunue mbuzi. Wenzangu wakacheka, wakasema daftari ni la wenye simu. Mimi nikasema aandikwe wa kwanza, na mbuzi wake aandikwe.