Maji ya jakuzi: Usidanganywe na mapovu

UMEMALIZA mazoezi, viungo vimechoka, nawe unaona beseni kubwa la maji moto likitoa mapovu kando ya kidimbwi cha kuogelea. Mabeseni haya, maarufu kama jakuzi, hupatikana katika hoteli na vilabu vya mazoezi mijini. Lakini kabla hujajitumbukiza, jiulize: je, maji haya yana dawa ya kutosha?

Wengi hudhani kwamba joto la maji hayo huua viini vya maradhi. Sivyo. Maji ya jakuzi huwa na joto la nyuzi 37 hadi 40 hivi. Joto hilo, badala ya kuviua viini, huvistawisha. Isitoshe, joto na mapovu huifanya klorini ipotee upesi. Tena jakuzi ina maji machache kuliko kidimbwi, hivyo basi jasho na mafuta ya miili ya watu wanne au watano hutosha kuimaliza dawa. Maji yaliyokuwa salama asubuhi huenda yakawa hatari jioni, ingawa bado ni maangavu.

Hatari yenyewe

Tatizo la kawaida ni vipele vyekundu vinavyowasha, hasa sehemu zilizofunikwa na vazi la kuogelea. Husababishwa na viini viitwavyo Pseudomonas, na mara nyingi hupona vyenyewe.

Hatari kubwa zaidi ni Legionella. Viini hivi huingia mapafuni mtu anapovuta matone madogo yanayorushwa na mapovu, na huleta kichomi kikali. Mnamo Februari 1999, katika maonyesho ya maua mjini Bovenkarspel, Uholanzi, karibu watu 200 waliugua na zaidi ya 20 wakafariki. Wachunguzi waligundua kwamba chanzo kilikuwa jakuzi iliyowekwa hapo ili wateja waitazame. Kuugua hakukuhitaji mtu kuoga. Kupita karibu kulitosha.

Walio hatarini zaidi ni wenye umri wa miaka 50 na zaidi, wavutaji sigara, wenye maradhi ya mapafu na wale ambao kinga yao ya mwili imedhoofika.

Jinsi ya kujikinga

Mwulize mhudumu maji yalipimwa lini mara ya mwisho. Vijikaratasi vya kupimia huuzwa kwenye maduka ya dawa za vidimbwi, na jibu hupatikana kwa muda mfupi. Klorini isipungue miligramu 3 kwa kila lita. Ikiwa inatumika bromini, isipungue 4. Kipimo cha pH kiwe kati ya 7.0 na 7.8, kwani kikizidi hapo klorini hulegea. Joto lisizidi nyuzi 40.

Usidanganywe na harufu kali. Mara nyingi harufu hiyo si dalili ya klorini nyingi, bali ya klorini iliyokwisha kuchanganyika na jasho na mkojo. Na ukigusa ukuta wa beseni ukauona unateleza, toka. Utelezi huo ndio maficho ya viini.

Nawe usiwe chanzo cha uchafu. Oga kwa sabuni kwanza, na usiingie ukiwa unaharisha. Watoto wa chini ya miaka 5 wasiingizwe, na mama mjamzito amwone daktari kwanza.

Ikiwa jakuzi ni yako, pima maji angalau mara mbili kwa siku inapotumika, na mara nyingi zaidi wageni wakiwa wengi. Safisha kichujio, sugua kuta na ubadilishe maji yote mara kwa mara. Jakuzi ya lita 1,500 inayotumiwa na watu 20 kwa siku huhitaji maji mapya karibu kila wiki. Kamwe usichanganye klorini na asidi. Hewa inayotoka ni sumu.

Ukipatwa na homa, kikohozi na shida ya kupumua katika muda wa wiki mbili baada ya kuoga, nenda hospitalini na umweleze daktari kwamba ulitumia jakuzi. Huenda asiulize, na maradhi haya yana dawa yakigunduliwa mapema.

Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge. Basi haya ya jakuzi, hakikisha yamepimwa kwanza, ndipo uvue nguo.