Simbilisi Wawili Katika Kizimba Kimoja: Nani Akae na Nani?

Katika Bwiza, mtaa wa Bujumbura wenye barabara zilizonyooka kama mistari ya daftari, watu wanajua vyema maana ya kuishi pamoja mahali padogo. Lupango moja, yaani ua mmoja uliozungukwa na vyumba vya kupanga, huweza kuwa na familia kadhaa, bomba moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo. Mwenye lupango aliye na busara hampokei mpangaji mpya kabla ya kuuliza anatoka wapi, ana watu wangapi, na atapatana vipi na waliomtangulia. La kushangaza ni kwamba mtu huyo huyo, mwanawe anapomlilia amnunulie wanyama wadogo wa kufuga, huchukua wawili wa kwanza watakaotolewa na muuzaji, akawatia katika katoni moja, akarudi nao nyumbani pasipo kuuliza swali lolote.

Wanyama wenyewe aghalabu ni simbilisi. Ng'ambo ya mpaka, katika Kivu ya Kusini, huitwa dende, na waliosoma Kifaransa humwita kobayi. Ni mnyama mnene, asiye na mkia unaoonekana, mwenye miguu mifupi na mluzi mkali anaoupiga asikiapo majani yakichakarishwa. Asili yake ni milima ya Andes, Amerika ya Kusini, ambako amefugwa kwa maelfu ya miaka. Katika Kivu amezoeleka sana jikoni, mikononi mwa akina mama na watoto. Watafiti waliochunguza ufugaji huko baada ya miaka ya vita walieleza sababu mojawapo: ng'ombe na mbuzi huporwa, lakini simbilisi hufichika kwa urahisi, na familia inayokimbia yaweza kumbeba. Kumla au kutomla ni shauri la kila nyumba na dini yake. Hapa anazungumziwa yule anayefugwa na mtoto, anayepewa jina, na ambaye kifo chake humliza mtoto huyo siku tatu.

Kilio hicho mara nyingi huwa na chanzo kimoja. Wanyama wawili walinunuliwa wakiwa wadogo, muuzaji akasema ni ndugu, na kwa majuma machache wakalala wamebanana kama vitumbua kikaangoni. Kisha mambo hugeuka. Ikiwa wote ni madume, asubuhi moja huonekana mmoja ana jeraha mgongoni na sikio limechanika. Ikiwa ni dume na jike, hakuna ugomvi wowote, na hapo ndipo mzazi hudhani mambo ni mema, hata siku anapoona tumbo la jike limetanda pande zote mbili kama mfuko wa unga. Katika hali zote mbili watu husema mnyama ana tabia mbaya, au amekufa kwa bahati mbaya. Mnyama hana kosa. Kosa lilifanyika siku ya kununua.

Basi jambo la kwanza ni kumtambua dume na jike, wala neno la muuzaji halitoshi. Simbilisi hulazwa chali kwa muda mfupi, mkono mmoja ukitegemeza mgongo na makalio yake, na kidole cha mkono wa pili kikabonyeza polepole juu kidogo ya sehemu zake za siri. Kwa dume, uume mwembamba hujitokeza. Kwa jike huonekana umbo mfano wa herufi Y. Kazi hii haichukui hata dakika moja. Muuzaji anayekataa mnyama wake asitazamwe hivyo aachwe na mnyama wake.

Kwa nyumba inayotaka amani bila ya kuzaliana, majike wawili ndio chaguo jema zaidi, hasa wakiwa ndugu wa tumbo moja au mama na bintiye. Hutokea wakanyang'anyana jani au mmoja akamsukuma mwenzake kutoka pembe anayoipenda, lakini ugomvi wao kwa kawaida huishia hapo. Majike watatu au wanne nao hukaa vizuri, mradi nafasi ipo.

Madume ni habari nyingine, na hapa ndipo maneno mengi ya mitaani hukosea. Si kweli kwamba madume wawili hawawezi kamwe kukaa pamoja. Ndugu wawili ambao hawakutenganishwa tangu utoto, au dume mzima mpole na kijana aliyeachishwa maziwa punde, huweza kuishi kwa utulivu miaka mingi. Lakini kuna masharti. La kwanza, pasiwepo jike yeyote katika kizimba hicho, wala katika kizimba cha jirani ambacho harufu yake yawafikia. Harufu ya jike peke yake yatosha kuwafanya ndugu wa tumbo moja kuwa maadui. La pili, wapewe vyombo viwili vya chakula na vijumba viwili vya kujificha, kila kijumba kikiwa na milango miwili, ili anayefukuzwa asikwamie ndani. La tatu, wasiwe watatu. Madume watatu ni fitina tupu: wawili hupatana, na wa tatu hana pa kuweka kichwa.

Tena madume hao wachungwe kwa macho wanapokuwa na umri wa miezi mitatu hivi hadi kama mwaka mmoja, kwa sababu huo ndio ujana wao. Mwenye kufuga ajifunze kusoma dalili. Dume anayenguruma kwa sauti ya chini huku akitikisa nyuma yake kwa madaha anajitangaza tu. Akianza kugonganisha meno kwa mfululizo, manyoya ya shingo yakasimama na kichwa kikainuliwa juu, huo ni mwisho wa maneno. Hapo watenganishwe mara moja, na si kwa mkono mtupu, maana meno ya simbilisi hayachagui. Litumike taulo au kipande cha ubao. Wakishatoana damu kwa ugomvi wa kweli, kuwarudisha pamoja ni kuwatafutia kifo. Hata hivyo kizimba chaweza kugawanywa kwa wavu katikati, wakaendelea kuonana na kusikiana pasipo kuumizana.

Dume na jike hawafai kuwekwa pamoja kwa sababu tu wanapendeza machoni. Jike huweza kushika mimba akiwa na umri wa mwezi mmoja tu, yaani akiwa bado mtoto. Kwa upande mwingine, jike ambaye hajazaa hata mara moja na amepita miezi sita au saba huwa hatarini zaidi akipata mimba, kwa kuwa mifupa ya nyonga yake huanza kushikamana na haitanuki vyema wakati wa kuzaa. Mimba huchukua siku 59 hadi 72. Watoto huzaliwa wakubwa, wakiwa na manyoya, macho wazi na meno tayari, na siku hizo za mwanzo huanza kutafuna majani kando ya mama yao. Kuzaa watoto wa ukubwa huo si kazi nyepesi. Isitoshe, jike huwa tayari kupokea dume tena saa chache tu baada ya kuzaa, naye dume hamwachi apumzike. Kwa hiyo anayetaka kuzalisha amchague jike aliyekomaa lakini asiyechelewa, kisha amtoe dume kabla ya siku ya kuzaa. Watoto wa kiume watolewe kwa mama yao na dada zao wakitimiza wiki tatu. Wiki ya nne ni kuchelewa.

Na dume huyo atoke wapi? Asitoke katika kizimba hicho hicho. Katika lupango nyingi simbilisi wote ni uzao wa wawili wa kwanza, ambao nao walikuwa ndugu, na kizazi baada ya kizazi huwa wadogo, dhaifu, wenye watoto wachache. Wanaofuga katika barabara tofauti za Bwiza, au Bwiza kwa Buyenzi, wangeweza kubadilishana madume bila ya kutoa hata faranga moja.

Lipo swali linaloulizwa na watoto wenye jamaa Ubelgiji au Ufaransa, ambao wameonyeshwa picha za hamsta, yule panya wa dhahabu mwenye mashavu ya kuwekea akiba. Je, naye hupenda mwenzake? Jibu ni kinyume kabisa. Mwaka 1930 Israel Aharoni, mtaalamu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha Kiebrania cha Jerusalem, alifukuliwa shimo karibu na Aleppo, Syria, akapata hamsta jike na watoto wake. Walipotiwa pamoja katika sanduku, mama alianza kuwaua watoto wake mwenyewe. Hamsta wa aina hiyo wanaofugwa duniani hutokana na wachache waliosalia katika uzao huo, na tabia haikubadilika: akishakuwa mtu mzima, kila mmoja akae peke yake, hata kama ni ndugu. Simbilisi kwa upande wake hunyongonyea akiwa pekee. Nchini Uswisi kanuni za ulinzi wa wanyama za mwaka 2008 zimeagiza simbilisi afugwe pamoja na mwenzake wa aina yake. Wanyama wawili wadogo, na kila mmoja ana sheria yake.

Wengine, kwa kukosa simbilisi wa pili, humwekea sungura. Shauri hili halifai. Teke la sungura huvunja mbavu, na tena sungura huweza kubeba vijidudu ambavyo yeye havimsumbui, lakini kwa simbilisi huleta homa ya mapafu. Hata chakula chao si kimoja. Mwili wa simbilisi, kama wa binadamu, hauwezi kujitengenezea vitamini C. Akiikosa, viungo huvimba, hutokwa na damu kwenye fizi na hatimaye hufa. Sungura hana haja hiyo. Simbilisi apewe kila siku majani mabichi, na juu yake kipande cha pilipili hoho au cha pera bivu. Majani ya viazi vitamu yanafaa. Sombe mbichi na majani ya viazi ulaya yasiingie kizimbani.

Juu ya kizimba chenyewe, Bwiza ina taabu zake. Bujumbura iko kando ya Ziwa Tanganyika, katika kimo kisichofika hata mita 800 hivi, na joto lake si la Gitega. Simbilisi ni mnyama wa milima ya baridi. Joto likipita nyuzi 30 anaweza kuzidiwa, na wanyama wenye joto huwa wepesi wa kugombana. Kizimba kisigusane na ukuta wa mabati, bali kiwekwe kivulini, chini ya mwembe ikiwa upo, kikiinuliwa juu ya ardhi na kufunikwa wavu imara kwa ajili ya paka na panya. Sakafu iwe ya mbao na nyasi kavu, maana wavu chini ya miguu huwajeruhi. Kwa wawili, nafasi ya karibu mita moja ya mraba si anasa. Na kwa kuwa Bwiza haikosi muziki na mishikaki usiku, kizimba kiwekwe upande wa ua ulio mbali na baa.

Yabaki kumkutanisha mgeni na mwenyeji, kazi ambayo wengi huiharibu kwa haraka. Mnyama mpya akae kando wiki mbili katika sanduku lake, atazamwe macho, pua na kinyesi, asije akaleta maradhi. Siku ya kuwakutanisha, wasikutanishwe katika kizimba cha mwenyeji, bali mahali ambapo hakuna anayepadai kuwa pake: kona ya sebule iliyozungushiwa mbao, au sakafu ya veranda iliyosafishwa vizuri ili harufu ya zamani itoke. Katikati yamwagwe majani mengi, mengi kuliko wanavyoweza kumaliza. Watanusana, watafukuzana, mmoja atampanda mwenzake mgongoni kuonyesha ukubwa. Mtoto atataka kuingilia kati; azuiwe. Mradi hakuna damu, waachwe saa kadhaa wapange wenyewe nani mkubwa na nani mdogo.

Wakati huo kizimba cha zamani kioshwe kwa sabuni, kibadilishwe nyasi, na vijumba vihamishwe mahali pengine, hata mwenyeji naye akikiona akione kigeni. Jioni, mkubwa wa nyumba atazame tena palipo na majani. Wakiwa wanakula kila mmoja pembe yake, wapewe muda zaidi. Wakiwa wanatafuna jani moja, huyu kutoka ncha hii na yule kutoka ncha ile, wabebwe wote kwa pamoja wakatiwe kizimbani, na mtoto aruhusiwe kutafuta jina la huyo wa pili.