Ng'ombe mbele ya hifadhidata

Kikundi chetu kinakusanya maneno ya Kiswahili cha Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Zamani yote yalikaa katika madaftari na katika faili moja la Excel lenye nakala nyingi, kila mwanafunzi na yake. Sasa yamo katika hifadhidata, na programu ndogo ndiyo inayoyaingiza na kuyatafuta. Wenzangu wa fakalte wananiuliza: programu na hifadhidata zinasikilizana namna gani? Swali hili ni la watu wa lugha kuliko wanavyofikiri, maana kati ya viwili hivi kuna lugha, kuna mkalimani, na kuna neno la kawaida kabisa linaloweza kuvuruga mazungumzo yote: ng'ombe.

Kwanza hifadhidata yenyewe. Wazo la kupanga habari katika majedwali yanayohusiana lilitolewa mwaka 1970 na Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule California. Kila jedwali hushughulika na jambo moja. Kwetu kuna jedwali la wasemaji (jina, mwaka wa kuzaliwa, komini, namba ya simu) na jedwali la maneno (neno, maana, namba ya msemaji). Mama aliyetupa maneno mia mbili haandikwi mara mia mbili. Anaandikwa mara moja, anapewa namba, na kila neno lake linabeba namba ile. Akihama kutoka komini ya Kenya kwenda Katuba, tunasahihisha mahali pamoja tu.

Hifadhidata haijui Kiswahili wala Kifaransa. Inajua SQL, lugha iliyobuniwa IBM miaka ya 1970, yenye sarufi ndogo: kitenzi kama SELECT au INSERT, jina la jedwali, kisha masharti. Programu yetu imeandikwa kwa Python, ambayo ni lugha nyingine. Anayesimama katikati wengine humwita draiva. Mimi napenda kumwita kiunganishi, hata kama walimu wa sarufi watanung'unika. Kiunganishi hupokea sentensi ya SQL kutoka kwa programu, huifikisha, na hurudisha majibu kwa umbo ambalo Python inalifahamu.

Hifadhidata kubwa kama PostgreSQL au MySQL hukaa kwenye seva. Ili kuifikia, kiunganishi kinataka anwani ya seva, namba ya mlango (5432 kwa PostgreSQL, 3306 kwa MySQL, kama hakuna aliyezibadilisha), jina la mtumiaji na neno la siri. Sisi tulichagua SQLite, ambayo haina seva: hifadhidata nzima ni faili moja ndani ya kompyuta. Kuunganisha ni mstari mmoja:

kiungo = sqlite3.connect("kamusi.db")

Wengi hudhani kazi imekwisha hapo. Tazama sasa sentensi hii, ya kuingiza neno la msemaji namba 14:

INSERT INTO maneno (neno, msemaji) VALUES ('ng'ombe', 14)

Katika SQL, ritifaa ndiyo inayofungua na kufunga nukuu. Hifadhidata inasoma 'ng' na kuona kwamba neno limekwisha. Kisha inakutana na ombe, ambayo haina maana kwake, na inakataa sentensi nzima. Mfaransa angepata shida ileile kwa l'eau. Sisi tuna ng'oa, ng'ambo, ng'aa, ng'ang'ania: sehemu nzima ya kamusi isingeingia.

Mwanaisimu atatambua tatizo hili. Ni tofauti kati ya kutumia neno na kulitaja. Programu imeyachanganya maneno ya amri na neno linalotajwa, ikayashona katika uzi mmoja, na msomaji hawezi tena kujua mshono uko wapi. Na kama ng'ombe kwa bahati tu anaweza kuvunja sentensi, mtu mwenye nia mbaya anaweza kuivunja kwa makusudi: anaandika katika kisanduku cha kutafutia maneno yanayofunga nukuu na kuendeleza amri kwa namna anavyotaka yeye. Hapo jedwali la wasemaji, pamoja na namba za simu za wazee waliotuamini, linaweza kuonekana lote.

Dawa si kukataza ritifaa. Dawa ni kuvipeleka vitu viwili mbalimbali:

kiungo.execute("INSERT INTO maneno (neno, msemaji) VALUES (?, ?)", (neno, 14))

Alama za kuuliza ni nafasi tupu. Hifadhidata inaichambua sentensi kwanza, halafu inapokea neno kama neno, hata likiwa na ritifaa kumi. Mimi ningekataa kusoma programu yoyote ya mwanafunzi ambayo haifanyi hivi.

Bado kuna jambo ambalo kiunganishi hakiwezi kutusaidia. Baadhi ya simu huandika ritifaa iliyopinda (’), na kompyuta huandika iliyonyooka ('). Kwa jicho ni neno moja. Kwa hifadhidata ni mawili, na anayetafuta moja halioni jingine. Kwa Kiluba na Ciluba ni vigumu zaidi, maana á yenye alama ya toni inaweza kuhifadhiwa kama herufi moja, au kama a ikifuatwa na alama yake. Kwa hiyo programu yetu hubadilisha kila neno liwe na umbo moja kabla ya kulipeleka, na hufanya vilevile kwa neno linalotafutwa.

Kisha kuna umeme. Kupitia sqlite3 ya Python, kwa kawaida maneno mapya hayahesabiwi kuwa yamehifadhiwa mpaka programu iseme:

kiungo.commit()

Kabla ya amri hii umeme ukikatika, kazi uliyoanza inafutwa yote na hifadhidata inarudi ilivyokuwa, bila neno lililoingia nusu. Ni ulinzi mzuri, lakini anayesubiri mpaka jioni ndipo aseme commit anaweza kupoteza siku nzima ya mahojiano. Sisi tunaisema baada ya kila neno. Mashine inachelewa kidogo, na hakuna aliyelalamika.

Anayetaka kujaribu hahitaji kununua wala kupakua chochote zaidi ya Python: sqlite3 imo ndani yake.