Kichocho hakifungwi kwa vidonge tu

BUKOBA. KATA ya Rubafu, Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, iko kando ya Ziwa Victoria. Kwa vijana wengi wa pembezoni mwa ziwa hili, mechi ya jioni ikiisha bafu ni ziwani. Jezi zinavuliwa, jasho linaoshwa, na ubishi wa penalti iliyokoswa unamaliziwa humo humo majini.

Hapo ndipo kichocho kinapopata bao la mapema. Vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa majini hupenya ngozi kimyakimya. Kichocho cha tumbo kinaweza kuleta choo chenye damu, upungufu wa damu na uchovu. Kikikaa miaka mingi kinaharibu ini. Winga anayehema dakika ya 20 anaitwa mvivu, kumbe huenda anaumwa.

Vidonge vipo na vinatibu, lakini havizuii maambukizi mapya. Ukimeza leo, kesho ukarudi majini, ubao unaweza kuanza kusoma upya. Ndiyo maana elimu ya afya inatakiwa ianze kikosi cha kwanza.

Bukoba wanaijua kazi yake. Machi 21, 2023, Serikali ilitangaza mlipuko wa Marburg katika halmashauri hiyo hiyo. Hakukuwa na chanjo wala dawa maalumu iliyoidhinishwa. Wagonjwa walikuwa 9, wakafa 6. Ugonjwa ulizuiwa kwa kufuatilia waliokaribiana na wagonjwa, kunawa mikono, kuacha kusalimiana kwa mikono na kuzika kwa tahadhari. Baada ya siku 42 bila mgonjwa mpya, Juni 2 ukatangazwa kwisha.

Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa yanataka ifikapo 2030 Ukimwi, kifua kikuu, malaria na magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika, kichocho kikiwamo, yawe yamekomeshwa. Muda uliobaki ni mchache, na sehemu ya mechi hiyo inachezwa kwenye viwanja vya ndondo.

Kocha wa mtaani anao vijana zaidi ya 20 kila jioni, na wanamsikiliza. Dakika tano kabla ya mazoezi zinatosha kuwaambia waoge maji ya bomba, au ya ziwa yaliyochemshwa ama kukaa kwenye pipa siku mbili. Kingine ni choo jirani na uwanja. Kinyesi kisipofika ziwani, konokono hana cha kusambaza.