Homoni Sawa, Ubongo Tofauti

Kuna mwanamke wa Dongobesh au Katesh ambaye kila mwezi, wiki moja kabla ya hedhi, hulemewa na hasira, huzuni na vilio hadi kazi zinamshinda. Hedhi ikianza, siku mbili tatu tu, anarudi katika hali yake. Nyumbani wanasema ana gubu. Akipima homoni, huenda majibu yakaonyesha kila kitu kiko sawa.

Majibu hayo yanaweza kuwa sahihi, na mwanamke huyo akawa mgonjwa kweli. Mwaka 1998, Peter Schmidt na wenzake nchini Marekani waliwapa wanawake dawa ya kusimamisha kazi ya ovari. Baadhi ya wenye tatizo hili walipata nafuu kubwa, lakini waliporudishiwa estrojeni au projesteroni, dalili zikarudi. Wanawake wasio na tatizo walipewa homoni hizohizo wasibadilike. Kasoro basi haiko kwenye kiasi cha homoni, iko kwenye namna mwili unavyozipokea.

Tangu hapo alama za tatizo hili zimetafutwa ndani zaidi ya mwili. Mwaka 2017 ilionekana kwamba kundi la jeni linalohusika na namna seli zinavyoitikia homoni za uzazi hufanya kazi tofauti kwa wanawake hawa. Mwaka 2023, watafiti wa Leipzig, Ujerumani, walipiga picha za ubongo wakakuta protini inayoondoa serotonini kati ya seli za neva huongezeka hedhi inapokaribia. Serotonini ndiyo inayosaidia kutuliza hisia.

Alama nyingine ni alopregnanoloni, inayotokana na projesteroni na kwa kawaida hupoza ubongo. Kwa wanawake hawa, kupanda na kushuka kwake huvuruga hisia. Kemikali hiyohiyo inahusishwa na kifafa: inaposhuka karibu na hedhi, baadhi ya wagonjwa huanguka mara nyingi zaidi.

Hata hivyo, hakuna hata moja kati ya alama hizi ambayo imekuwa kipimo cha kliniki. Kipimo kinachokubalika ni daftari. Kila jioni, kwa mizunguko miwili, mwanamke anaandika tarehe, siku ya hedhi, na namba 1 hadi 6 kwa hasira, huzuni, wasiwasi na usingizi. Namba zikipanda kabla ya hedhi na kushuka baada yake, mganga ana ushahidi. Zikibaki juu mwezi mzima, atafute ugonjwa mwingine, kama sonona.

Tiba ipo. Fluoksetini, dawa ya sonona iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huwasaidia wengi, mara nyingi ndani ya siku chache. Anayepatwa na mawazo ya kujiua asisubiri daftari lijae, aende kituo cha afya leo. Wengine waanze kuandika usiku huu, kabla ya kutoa hela ya kupima homoni.