Muziki Haufundishi Hisabati, na Kongamano Halitabadilisha Hilo

Makongamano ya elimu ya sanaa yakikaribia, walimu huniletea ombi lilelile: "Mwalimu, tutumie ule utafiti wa muziki na hisabati, tuuweke kwenye mada yetu." Siutumi, na sababu nimeshazieleza hadi koo limekauka. Leo naziandika.

"Ule utafiti" ni ripoti fupi ya Frances Rauscher na wenzake iliyotoka katika jarida la Nature mwaka 1993. Wanafunzi 36 wa chuo kikuu walisikiliza sonata ya Mozart kwa dakika 10, kisha wakajibu vizuri kidogo maswali ya kuwazia maumbo, mfano karatasi iliyokunjwa na kukatwa itaonekanaje ikikunjuliwa. Robo saa haikupita, faida ikawa imeyeyuka. Hapakuwa na mtoto hata mmoja, wala aliyeshika ala, wala swali la hisabati. Lakini mwaka 1998 gavana wa Georgia huko Marekani, Zell Miller, aliomba dola 105,000 ili kila mtoto mchanga jimboni apewe muziki wa aina hiyo. Mwaka uliofuata Nantais na Schellenberg walionyesha kwamba hata hadithi ya Stephen King ilifanya kazi ileile kwa waliopenda hadithi kuliko Mozart. Mtu akichangamka, hujibu maswali vizuri. Basi.

Hapo huambiwa: "Mbona wanaosoma sanaa hufaulu zaidi?" Marekani, ndiyo. Uingereza hali imewahi kuonekana kinyume: waliochukua masomo mengi ya sanaa walifanya vibaya zaidi kwenye mitihani ya taifa, maana shule huko zilikuwa na desturi ya kuwasukumia sanaa wanafunzi dhaifu. Takwimu hizo zinatueleza nani hupelekwa darasa la sanaa. Ellen Winner na Lois Hetland, waliokusanya tafiti za miaka 50 na kutoa ripoti mwaka 2000, hawakupata ushahidi kwamba sanaa ndiyo inayopandisha alama za masomo mengine. Maigizo darasani ndiyo yaliyoonekana kukuza uwezo wa lugha. Hilo lina ushahidi, na hakuna anayeniomba!

Kinachonikera zaidi ni kwamba hoja hii inatuumiza wenyewe. Mwambie waziri muziki ni dawa ya hisabati, naye atakujibu, kwa haki kabisa, kwamba kuongeza kipindi cha hisabati ni rahisi kuliko kununua marimba na kuajiri mwalimu wa kuzipiga.

Kama bado mnakwenda kongamanoni, haraka haraka: someni kwanza maazimio ya mikutano ya UNESCO ya Lisbon 2006, Seoul 2010 na Abu Dhabi 2024, yanapatikana bure. Ombeni msaada wa nauli mapema, mialiko ikichelewa na viza huchelewa. Chagueni vikao vyenye darasa la mfano, hotuba za ufunguzi mtazisoma baadaye. Bebeni video fupi ya wanafunzi wenu kazini. Ombeni vitu vinavyohesabika: vipindi kwa wiki, walimu, ala. Na kama nauli inamtosha mtu mmoja tu, mpelekeni afisa elimu anayepanga ratiba, ninyi mbaki mkifundisha.