Je, Wajua? Treni Nyekundu Inayopanda Alpi Bila Meno

Muhula niliosoma Zürich kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi ulikuwa na Jumamosi nyingi za kufua nguo na kupika ugali wa unga wa dukani. Lakini Jumamosi moja ya Oktoba, mimi na mwenzangu kutoka Eldoret tuliamka alfajiri, tukapanda treni nyekundu mjini Chur, na jioni tukashukia Tirano, ng'ambo ya mpaka, Italia. Hadi leo nikikutana na mtu anayependa treni, simwachi aende kabla sijamsimulia haya.

Kila baada ya mita 650, daraja

Kati ya Thusis, kituo kilicho njiani baada ya Chur, na Tirano ni kilomita 128 tu, lakini treni inavuka madaraja 196 na kupenya mahandaki 55. Ukigawa, ni daraja moja kila baada ya mita 650 hivi, yaani hujamaliza kumenya chungwa umeshavuka mawili. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka njia hii nzima, pamoja na milima inayoizunguka, kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Daraja linaloishia tumboni mwa jabali

Daraja la Landwasser lina kimo cha mita 65. Chukua minazi mitatu mirefu, simamisha mmoja juu ya mwingine, ndipo utafika walipo abiria. Limepinda kama mundu, na pale linapoishia ndipo handaki linapoanza, limetobolewa kwenye ukuta wa jabali ulio wima kabisa. Nguzo zake ndefu zilijengwa 1901 na 1902 bila jukwaa la mbao la kuzizunguka: mafundi walisimamisha mnara wa chuma katikati, wakapanga mawe kuuzunguka, wakaendelea kupanda nao. Ukitoka Chur kaa dirisha la kulia, na simu uishike mapema.

Njia fupi inayorefushwa kwa makusudi

Kutoka kijiji cha Bergün hadi Preda treni inapaswa kupanda mita 416. Bonde ni fupi mno kwa mpando huo, kwa hiyo wahandisi waliirefusha njia hadi karibu mara mbili, wakaisokota ndani ya mlima kama kamba. Tuliliona kanisa la Bergün upande mmoja, kisha upande wa pili, kila mara likiwa dogo zaidi, na mwenzangu akaapa kwamba tumerudi tulikotoka.

Treni ndefu kuliko viwanja 18 vya mpira

Kwenye misokoto hiyohiyo, tarehe 29 Oktoba 2022, ilipita treni ya abiria iliyovunja rekodi ya dunia kwa urefu: mabehewa 100, zaidi ya mita 1,900. Ilikuwa kuadhimisha miaka 175 ya reli Uswisi. Iliendeshwa na madereva saba kwa pamoja, kutoka Preda hadi Alvaneu, yapata kilomita 25. Ndani ya mahandaki mawasiliano ya redio hayategemeki, kwa hiyo waliwekewa simu za waya. Hebu fikiria watu saba waliotengana kwa karibu kilomita mbili, wakifunga breki kama mtu mmoja.

Upana wa reli ni uleule wa kwetu

Reli hizi mbili zimeachana kwa mita moja kamili. Ndiyo, kipimo kilekile cha reli ya zamani ya Mombasa hadi Kisumu na cha Reli ya Kati ya zamani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma! Reli nyembamba hukata kona kali na haidai kuchimba sana mlima, na ndiyo maana kwenye sehemu ya njia iitwayo Bernina kuna kona zenye nusu kipenyo cha mita 45 tu. Niliinama kituoni St. Moritz nikazitazama reli zile kwa makini, nikakumbuka kituo cha Tabora.

Chuma juu ya chuma, bila meno

Reli nyingi za milimani Uswisi hupanda kwa gurudumu lenye meno linalong'ata reli ya katikati. Ile ya Mlima Pilatus, iliyofunguliwa 1889, hupanda mwinamo wa asilimia 48. Njia ya Bernina haina meno hata mahali pamoja, ila inapanda mita 7 kwa kila mita 100 kwa msuguano tu wa gurudumu laini juu ya reli laini. Ilikamilika 1910, na tangu ilipofunguliwa mabehewa yake yanavutwa kwa umeme, uliotokana na maji ya mabonde yaleyale. Treni za siku hizi zina jambo zuri zaidi: zikishuka, mota zake zinageuka majenereta na kurudisha umeme kwenye waya, ukaisaidie treni nyingine inayopanda.

Bonyeza, treni isimame

Vituo vingi vidogo havina mtu. Unayetaka kupanda unabonyeza kitufe ukutani, na unayetaka kushuka unabonyeza kilicho ndani ya behewa. Ni kama kumwambia konda "Shusha!" isipokuwa hapa anayesimama ni treni nzima. Nilibonyeza kwa ajili ya kituo cha Morteratsch na moyo ulinidunda hadi nilipoisikia breki.

Mto wa barafu uliokimbia kituo

Reli ilipofika Morteratsch mwaka 1908, ulimi wa barafu haukuwa mbali na kituo. Tangu 1878 umerudi nyuma takriban kilomita 3. Njiani kuna alama zenye miaka, kila moja ikionyesha barafu ilipoishia mwaka huo. Tulitembea kutoka alama hadi alama juu ya changarawe, miti ikizidi kuwa mifupi, kwa sababu huko juu ardhi imefunuliwa juzijuzi na mbegu ndiyo kwanza zinaanza. Karibu na alama moja nilipima kwa kiganja mche wa msonobari: haukufika urefu wa mkono wangu. Sikuweza kuacha kufikiria Kilimanjaro, ambako zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwapo 1912 imeshatoweka. Hapo hatukupiga picha nyingi.

Maziwa mawili jirani, bahari mbili

Juu kabisa ya njia kuna Lej Nair, Ziwa Jeusi, na hatua chache mbele Lago Bianco, Ziwa Jeupe, lenye maji ya maziwa-maziwa kwa sababu ya unga wa mawe yaliyosagwa na barafu. Maji ya jeusi huingia mto Inn, kisha Danube, hadi Bahari Nyeusi. Ya jeupe hushukia Italia, yakaingia mto Po na kumalizikia Bahari ya Adria. Waliokulia karibu na msitu wa Nyungwe, Rwanda, wanalijua jambo hili: mvua ya upande mmoja wa kilele huenda Nile, ya upande wa pili huenda Kongo.

Timboroa iko juu zaidi!

Kituo cha Ospizio Bernina kiko mita 2,253 juu ya usawa wa bahari. Pakiti yetu ya krispi ilikuwa imevimba hadi ikawa ngumu kama mpira, na masikio yalikuwa yameziba. Mwenzangu akatikisa kichwa, akasema, "Ndugu yangu, kwetu Timboroa ni juu kuliko hapa." Tukatafuta kwenye simu. Kituo cha Timboroa, kwenye reli ya zamani ya Nakuru hadi Eldoret, kiko zaidi ya mita 2,700! Alitabasamu hadi Italia.

Mita 1,824 chini kwa kilomita 38

Kutoka Ospizio Bernina hadi Tirano treni inashuka mita 1,824. Kushuka kutoka Nairobi hadi Mombasa ni pungufu kidogo ya hapo, na kunachukua zaidi ya kilomita 470. Tulipanda na makoti. Tulipofika Poschiavo tukayavua, na chini zaidi ikaanza mizabibu. Karibu na Brusio bonde likawa jembamba tena, kwa hiyo treni ikazunguka duara zima hadharani, juu ya daraja la matao tisa, kisha ikapita chini ya tao mojawapo la daraja hilohilo. Nilitoa kichwa dirishani nikaona behewa letu la nyuma likiwa bado juu, watoto wakinipungia mkono.

Lugha tatu ubavuni mwa behewa

Graubünden, jimbo inamopita treni hii, ndilo pekee la Uswisi lenye lugha rasmi tatu, na jina la kampuni ya reli huandikwa kwa zote: Kijerumani, Kiitaliano na Kirumanshi. Kirumanshi kinazungumzwa na chini ya asilimia moja ya Waswisi, lakini 1938 wananchi walikipigia kura kiwe lugha ya taifa. Salamu yake huko kwenye bonde la Engadin ni "Allegra", nami niliitumia siku nzima kwa kila aliyenitazama.

Treni katikati ya barabara

Mwisho wa safari, Tirano, reli inatoka mlimani na kukatiza uwanja ulio mbele ya kanisa kuu la Madonna, bila uzio. Magari yakasimama. Mama mmoja mwenye kikapu cha mboga akangoja ukingoni mwa uwanja, hatua tatu kutoka dirisha letu, treni ipite ndipo avuke.